Safari ya skii kwenda Mlima Waddington

Safari ya skii kwenda Mlima Waddington ni safari ya siku nyingi inayofanywa juu ya theluji na barafu katika Milima ya Pwani ya British Columbia, magharibi mwa Kanada. Lengo lake ni kufika juu ya mlima huo, au karibu na kilele chake, mahali pasipo na barabara, nyumba wala mashine za kubebea watu. Wasafiri hubeba chakula, mahema na vifaa vyote vya uokoaji wenyewe.

Mlima Waddington una kimo cha mita 4,019 juu ya usawa wa bahari. Ndio mlima mrefu kuliko yote iliyo ndani kabisa ya mipaka ya British Columbia. Una vilele viwili mashuhuri. Kilele cha Kaskazini-Magharibi kimefunikwa na theluji, na wenye skii wanaweza kukifikia au kukikaribia sana. Kilele Kikuu, kilicho juu kidogo tu, ni mnara wa mwamba mkali uliogandiwa na barafu, ambao haupandwi kwa skii. Kwa sababu hiyo makundi mengi ya skii huishia kwenye kilele cha kwanza na kurudi. Wapandaji wa kwanza wa mlima huo walifanya uamuzi uleule mwaka 1928.

## Jiografia

Mlima uko takriban kilomita 300 kaskazini-magharibi mwa jiji la Vancouver. Upande wa mashariki unapita mto Homathko, unaoingia katika hori ya Bute. Upande wa magharibi unapita mto Klinaklini, unaoingia katika hori ya Knight. Hori hizo ni mikono mirefu na myembamba ya Bahari ya Pasifiki inayoingia ndani kabisa ya milima.

Kwa kimo peke yake Waddington ni mdogo kuliko Kilimanjaro (mita 5,895), na hata kuliko Mlima Meru wa Tanzania (mita 4,562). Hata hivyo uko mbali sana na ikweta, kwenye latitudo ya nyuzi 51 upande wa kaskazini, na karibu na bahari. Upepo kutoka Pasifiki huleta unyevu mwingi ambao, ukipandishwa na milima, hugeuka kuwa theluji. Hivyo mlima umezungukwa pande zote na barafuto, yaani mito ya barafu inayosogea polepole kuelekea bondeni. Barafuto kubwa ni Tiedemann upande wa mashariki, Franklin upande wa kusini-magharibi na Scimitar upande wa kaskazini.

Bahari iko karibu, lakini njia ya kutoka pwani ni ngumu. Sehemu za chini zina misitu minene yenye miti iliyoanguka, vichaka vya miiba na mito baridi yenye nguvu. Watu wa kwanza waliojaribu kuukaribia mlima walitumia siku nyingi msituni kabla ya kukanyaga barafu.

## Jina

Kabla ya kupewa jina rasmi, mlima ulijulikana miongoni mwa wapanda milima kwa jina lenye maana ya "Mlima wa Fumbo", kwa kuwa watu wa mijini hawakujua kwamba kuna mlima mkubwa namna hiyo mahali hapo. Jina la sasa linamkumbuka Alfred Waddington (1801–1872), mfanyabiashara mzaliwa wa London aliyetaka kujenga barabara kutoka hori ya Bute, kupitia bonde la Homathko, hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya bara.

Barabara hiyo ilipita katika nchi ya Watsilhqot'in, wenyeji asilia wa eneo hilo. Mwaka 1862 ugonjwa wa ndui uliua watu wengi sana kati ya wenyeji wa British Columbia. Mwaka 1864 kundi la Watsilhqot'in likiongozwa na Klatsassin liliwaua wafanyakazi wengi wa barabara, na ujenzi ukasimama. Klatsassin na wenzake walifika baadaye kwa mazungumzo waliyoyaelewa kuwa ya amani, lakini walikamatwa. Watano walinyongwa mnamo Oktoba 1864, na wa sita mwaka 1865.

Serikali ya British Columbia iliomba radhi mwaka 2014. Mnamo 26 Machi 2018 waziri mkuu Justin Trudeau alitamka mbele ya Bunge la Kanada kwamba viongozi hao sita hawakuwa na hatia. Waddington mwenyewe alifariki kwa ndui mjini Ottawa mwaka 1872, na barabara yake haikukamilika. Bonde aliloshindwa kulipitisha barabara bado halina barabara hadi mlimani, na hiyo ni sababu mojawapo ya mlima kubaki na wageni wachache.

## Historia ya upandaji

### Familia ya Munday

Historia ya kuupanda mlima inaanza na mume na mke wa Vancouver, Don Munday (1890–1950) na Phyllis Munday (1894–1990). Don alikuwa amejeruhiwa mkono katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Phyllis alizaliwa Ceylon, leo Sri Lanka. Mwaka 1924 yeye na Annette Buck walikuwa wanawake wa kwanza kufika kilele cha Mlima Robson, mlima mrefu kuliko yote katika Milima ya Rocky ya Kanada.

Mwaka 1925, wakiwa juu ya Mlima Arrowsmith katika Kisiwa cha Vancouver, waliona kwa mbali, ng'ambo ya mlango wa bahari, kilele kirefu kilichozidi vingine vyote. Mwaka 1926 walijaribu kukifikia kupitia hori ya Bute na bonde la Homathko, wakashindwa. Mwaka 1927 walibadili njia wakaingia kupitia hori ya Knight na barafuto ya Franklin.

Mnamo Julai 1928 Don, Phyllis na Bert, ndugu yake Don, walifika Kilele cha Kaskazini-Magharibi. Kutoka hapo waliona mbele yao Kilele Kikuu, kikiwa juu kidogo tu, lakini kikitenganishwa nao na pengo lenye kuta kali za mwamba na barafu. Waliona kwamba kundi la watu watatu haliwezi kukipanda kwa usalama, wakarudi. Walirudi eneo hilo mara nyingi katika miaka iliyofuata, ila hawakukanyaga kamwe Kilele Kikuu. Mwaka 1948 Don alitoa kitabu kuhusu safari hizo, "The Unknown Mountain".

Familia ya Munday ina nafasi pia katika historia ya skii. Katika miaka ya 1930 walizitumia kuvuka mashamba makubwa ya theluji ya Milima ya Pwani, wakati watu wengi bado waliziona kama chombo cha michezo ya karibu na mji. Kwa skii mtu huzama kidogo katika theluji laini, na uzito wake husambaa juu ya nyufa zilizofunikwa. Tena njia iliyochukua siku nzima kupanda inaweza kuteremkwa kwa muda mfupi. Mlima Munday, jirani ya Waddington, umepewa jina lao.

### Kilele Kikuu

Baada ya mwaka 1928 makundi mengine yalijaribu Kilele Kikuu bila kufanikiwa. Mwaka 1934 mpanda mlima Alec Dalgleish wa Vancouver alianguka akafa. Hatimaye, tarehe 21 Julai 1936, Fritz Wiessner na William House walifika juu kupitia upande wa kusini. Katika kundi lao alikuwemo Elizabeth Woolsey, ambaye mwaka huohuo alikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya skii ya Marekani katika Michezo ya Olimpiki. Mwaka 1942 ndugu wawili Fred na Helmy Beckey, wote wakiwa na umri wa chini ya miaka 20, walikuwa watu wa pili kufika kilele hicho.

### Safari ndefu za skii

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wapenzi wa skii walianza kuvuka Milima ya Pwani kutoka bonde hadi bonde, wakilala katika mahema juu ya barafuto. Mwaka 2001 kundi la vijana lilisafiri kwa skii kutoka Vancouver hadi Skagway, Alaska, safari iliyochukua zaidi ya miezi 5. Kwa wasafiri wa namna hiyo eneo la Waddington ni sehemu ya juu na ngumu katika safu nzima.

## Skii za kupandia

Skii za safari hizi ni tofauti na zile za viwanja vya michezo. Katika viwanja, mashine humpeleka mtu juu naye huteremka tu. Mlimani msafiri hupanda kwa miguu yake, kwa hiyo kifungo cha skii huacha kisigino kuinuka kwa kila hatua, kama mtu anayetembea. Wakati wa kuteremka kisigino hufungwa tena.

Ili skii zisirudi nyuma mteremkoni, chini yake hubandikwa mkanda wenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Mkanda huo huteleza mbele lakini hushika theluji ukivutwa nyuma. Zamani ulitengenezwa kwa ngozi ya sili, na ndiyo sababu hata leo huitwa "ngozi", ingawa sasa hufumwa viwandani. Juu kabisa, ngozi huvuliwa, hukunjwa na kuwekwa ndani ya koti ili gundi yake isigande.

Vifaa vingine vya lazima ni hivi:

* kamba, mikanda ya kiunoni na vifaa vya kumvuta mtu aliyetumbukia katika ufa wa barafu;
* shoka la barafu, na vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya buti mahali skii zisipofaa;
* kifaa kidogo cha redio kinachotoa ishara muda wote, ili aliyefunikwa na theluji apatikane;
* ufito mrefu wa kukunja wa kuchomea theluji, pamoja na beleshi;
* hema imara, jiko la kuyeyushia theluji, na chakula cha siku za ziada;
* ramani, dira, kifaa cha kupokea ishara za setilaiti, na simu ya setilaiti.

Jiko ni kifaa cha uhai. Juu ya barafuto hakuna maji ya kunywa yasiyogandishwa, na msafiri asiye na mafuta ya jiko hupata kiu akiwa amezungukwa na theluji.

## Majira na njia

Wakati unaopendelewa ni kati ya Machi na Mei. Nyufa za barafuto bado zimefunikwa na theluji nene ya majira ya baridi, lakini siku zimeanza kuwa ndefu. Katikati ya Mei mchana wa latitudo hiyo huzidi saa 15. Wapandaji wa mwamba, kinyume chake, huja hasa Julai na Agosti.

Siku hizi makundi mengi hufika kwa helikopta kutoka upande wa bara, eneo la Ziwa Tatla na Ziwa Bluff, karibu na barabara kuu namba 20 inayounganisha Williams Lake na Bella Coola. Helikopta huwashusha juu ya barafuto na kuwafuata siku waliyopatana, hali ya hewa ikiruhusu. Makundi machache huingia au kutoka kwa nguvu zao wenyewe kupitia mabonde, jambo linaloongeza siku nyingi na mzigo.

Kambi ikishawekwa, wanaokwenda Kilele cha Kaskazini-Magharibi hutumia mara nyingi barafuto ya Angel, inayopanda kutoka kipito kati ya Waddington na Mlima Combatant. Kipito hicho kina kimo cha takriban mita 3,000. Kupanda huanza usiku au alfajiri, theluji ikiwa bado imegandamana. Wasafiri hufungana kwa kamba na kupanda kwa kupindapinda ili kupunguza ukali wa mteremko. Mahali penye barafu ngumu huvua skii na kuendelea kwa vyuma vya meno. Wanaokusudia Kilele Kikuu hupita kwa kawaida upande wa barafuto ya Bravo, huacha skii chini ya mnara na kuumalizia kama wapanda mwamba. Mwamba huo mara nyingi hufunikwa na barafu ya ukungu, ambayo hujengeka kama manyoya manene na huvunjika ikishikwa.

## Hatari

### Poromoko la theluji

Hatari kubwa kwa wenye skii ni poromoko la theluji. Theluji ya mlimani hukaa kwa matabaka, kila dhoruba ikiongeza lake. Tabaka gumu likilala juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja unaweza kulikata, na bamba zima la theluji likateleza kwa pamoja. Maporomoko mengi ya aina hii hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo pia inayopendwa zaidi kwa kuteremka.

Mtu aliyefunikwa kabisa hufa zaidi kwa kukosa hewa. Uchunguzi wa ajali umeonyesha kwamba wanaofukuliwa ndani ya dakika 15 za kwanza huokoka kwa sehemu kubwa, lakini baada ya takriban nusu saa wanaobaki hai ni karibu theluthi moja tu. Muda huo hautoshi kungoja helikopta, hivyo wa kumwokoa mtu ni wenzake walio karibu naye wakati huo. Kutokana na hilo wasafiri huvuka mteremko wa hatari mmojammoja huku wengine wakitazama, na kila mmoja hubeba redio, ufito na beleshi. Mwenye vifaa hivyo asiyefanya mazoezi ya kuvitumia hamsaidii mwenzake.

Kila siku kundi hupima hali ya theluji lenyewe. Huchimba shimo na kuangalia matabaka, hukumbuka upepo na joto la siku zilizotangulia, na kutazama kama miteremko ya jirani imeporomoka. Jua la mchana hulainisha theluji ya majira ya kuchipua, kwa hiyo mteremko uliokuwa salama saa 12 asubuhi unaweza kuwa hatari saa 6 mchana.

### Nyufa na dhoruba

Barafuto inapopita juu ya mwamba usio sawa hupasuka na kufanya nyufa zenye kina cha makumi ya mita. Theluji hujenga madaraja juu yake, na daraja dhaifu halionekani kwa macho. Kamba kati ya wasafiri huvutwa isilegee, ili mmoja akitumbukia wengine wamzuie.

Dhoruba za Pasifiki zinaweza kudumu siku kadhaa. Theluji na mawingu huungana hata ardhi na anga zisitofautike, na msafiri hajui kama anapanda au anashuka. Katika hali hiyo kundi hukaa hemani, likitoka kwa zamu kufukua theluji isiyavunje mahema. Helikopta haiwezi kuruka, hata kama kuna mgonjwa. Ndiyo maana mvunjiko wa mguu, ambao mjini hutibiwa siku hiyohiyo, kwenye barafuto ya Waddington unaweza kuhatarisha maisha.

## Uamuzi wa kurudi

Wasafiri wengi wa skii hurudi bila kufika kilele chochote. Kundi lenye busara hupatana tangu kambini saa ya kugeuka, na dalili zitakazowageuza: theluji kusikika ikizama kwa kishindo chini ya skii, upepo kubadilika, au mmoja kuchoka. Kupatana mapema ni muhimu, kwa sababu mtu aliyekaribia kilele baada ya kazi ya siku nyingi hupenda kuona dalili njema tu.

Akina Munday waligeuka wakiwa na kilele cha juu mbele ya macho yao. Wote watatu walirudi salama, na ujuzi walioupata kuhusu njia uliwafaa waliofuata.

## Umuhimu wa kisayansi na mabadiliko ya tabianchi

Mnamo Julai 2010 wanasayansi walitoboa barafu katika kipito cha Combatant na kutoa nguzo ya barafu yenye urefu wa mita 141. Mahali hapo pana baridi ya kutosha kwa matabaka ya kila mwaka kuhifadhiwa, ingawa bahari iko karibu. Matabaka hayo yanaeleza kiasi cha theluji na hali ya hewa ya Pasifiki ya kaskazini katika miongo iliyopita.

Barafuto za Milima ya Pwani zinapungua kutokana na ongezeko la joto duniani. Ncha za chini zimerudi nyuma tangu zama za akina Munday, zikiacha kuta za mawe yaliyolegea. Njia za kale za kupandia barafuto kutoka bondeni zimekuwa ngumu zaidi, na makundi mengi zaidi hutegemea helikopta. Hivyo sehemu za juu bado zinafaa kwa skii, lakini mlango wa kuingilia kwa miguu unazidi kuwa mgumu.

## Tazama pia

* Barafuto
* British Columbia
* Milima ya Pwani
* Skii
* Watsilhqot'in